Seva mbili, moja ikizimika nyingine inagoma

SWALI: Ofisini tuna seva mbili za Proxmox VE (programu huria ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) kwenye klasta moja, hifadhi ya pamoja, HA (kazi ya kuhamishia mashine kwenye seva nyingine moja ikizimika) imewashwa. Seva moja ikikosa umeme, iliyobaki inajizima na kujiwasha, kisha inakataa kuwasha mashine pepe kwa madai kwamba hakuna akidi, yaani kura za seva hazitoshi. Fundi anataka kuweka amri ya pvecm expected 1 (inayoiambia klasta itarajie kura moja tu) ijiendeshe kila seva inapowaka. Tumruhusu?

JIBU: Msimruhusu. Kama ameshaiweka, iondoeni leo.

Corosync, programu inayohesabu kura za klasta, huhitaji zaidi ya nusu ya kura, na kwa seva mbili maana yake ni zote mbili. Hiyo mnayoiita hitilafu ndiyo kinga yenu. Seva iliyobaki haiwezi kujua kama mwenzake amezimika au waya tu umechomoka, kwa hiyo inajiweka kando.

Sasa tazameni amri hiyo inafanya nini. Umeme umerudi, seva zote zimewaka, swichi ya mtandao bado haijawa tayari. Kila moja inajihesabia akidi peke yake. Seva B inaamini A imekufa, inachukua mashine zake. A nayo inajiona nzima, haijizimi. Mashine ileile inaendeshwa mara mbili, zote zikiandika kwenye diski moja. Hifadhidata ya mishahara ikishaharibika hivyo, kuunganisha waya hakuirudishi. Amri hiyo ni ya dharura, na mtu awe amekwenda kuhakikisha kwa macho kwamba seva ya pili imezimwa.

Mnachohitaji ni kura ya tatu. Kompyuta ndogo yenye Debian, hata Raspberry Pi, inatosha: corosync-qnetd (inayotoa kura hiyo) humo, corosync-qdevice (inayoipokea) kwenye seva zote mbili, kisha pvecm qdevice setup. Isiwe mashine pepe ndani ya klasta hiyohiyo! Nimekuta hilo mara nyingi mno.

Tangu Broadcom inunue VMware, mtengenezaji wa programu ya kulipia ya mashine pepe, mwaka 2023 na kuacha kuuza leseni za kudumu, ofisi nyingi zimehamia programu huria, na nyuma yake wamekuja mafundi waliojifunza kwa video mbili tatu. Kazi yao ni kunyamazisha onyo. Wanaoitengeneza Proxmox waliweka kufuli hilo kwa sababu, na msimbo uko wazi kwa anayetaka kuusoma. Fundi asiyeweza kukueleza amri yake inazima kinga gani asiiguse seva yako. Na kabla hujamlipa, mwambie achomoe waya wa mtandao wa seva moja mbele yako, data za majaribio zikiwa ndani.