JIBU: Wiki moja ya matanga Ugiriki mkiwa wawili tu, inawezekana?

Kaka, umeuliza kama wewe na mkeo mnaweza kukodi mashua ya matanga Ugiriki mwezi wa Agosti bila nahodha wa kuajiriwa, na kama mwende Cyclades, visiwa vya bahari ya Aegean upande wa mashariki, au Ionia, visiwa vya pwani ya magharibi. Mimi na mume wangu tumesafiri pande zote mbili tukiwa wawili tu. Mnaweza, ila nendeni Ionia.

Sababu ni upepo. Julai na Agosti bahari ya Aegean huvuma upepo uitwao meltemi kutoka kaskazini, na ukishakaza hushinda na kukesha siku kadhaa, nguvu ya 6 au 7 kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort, yaani upepo mkali. Watu wawili mtajibanza bandarini huku siku za kodi zinapita. Ionia kuna upepo wa maistro, unaotoka kaskazini-magharibi. Asubuhi bahari imelala, baada ya saa sita mchana upepo unaamka hadi 4 au 5, na jua likizama nao unatulia. Tembeeni na hali hiyo: ng'oeni nanga asubuhi, ogeleeni kwenye ghuba fulani mchana, twekeni tanga upepo unapoanza, na saa tisa muwe mmeshafunga kamba.

Kuhusu karatasi: nahodha lazima awe na cheti kinachotambulika (ICC, cheti cha kimataifa cha uendeshaji mashua, inakubaliwa), na mtu wa pili naye awe na cheti au asaini tamko kwamba ana uzoefu. Huyo wa pili ni wifi yangu. Tafadhali asisaini tu kwa kukuridhisha wewe, ajifunze kweli.

Kwa watu wawili, kazi ngumu haiko kwenye tanga, iko gatini. Kule hamfungi mashua ubavu. Mnarudi kinyumenyume, shetri (nyuma ya mashua) kwenye gati na nanga mbele. Nanga inaangushwa mkiwa mbali na gati kiasi cha urefu wa mashua tatu au nne, mnyororo unaachiwa taratibu mnavyorudi, kisha kamba ya upande unakotoka upepo ndiyo inafungwa kwanza. Tabu ni kwamba aliyeko omo (mbele ya mashua) akiachia mnyororo ndiye huyo huyo anayetakiwa kukimbia shetri kurusha kamba. Kwa hiyo kila kitu kiwe tayari kabla hamjaingia bandarini: dafrao (maboya ya kukinga ubavu wa mashua) zimening'inizwa pande zote mbili, kamba za shetri zimekunjwa na kupitishwa nje ya reli. Halafu ombeni mtu aliyeko gatini azipokee. Majirani hupokea, ndiyo desturi ya huko, nanyi mtawapokelea wengine.

Ushauri wangu mkubwa: usukani ashike mkeo. Kamba na nanga ndivyo vinavyotaka misuli, usukani unataka utulivu. Sisi tunafanya hivyo na hatubadilishi. Kubalianeni pia ishara za mikono, maana injini ikinguruma na upepo ukivuma sauti haifiki, na ugomvi mwingi wa wanandoa bandarini huanzia hapo: mmoja anapaza sauti asikike, mwenzake anadhani anafokewa. Na kuna sababu nzito zaidi. Wewe ukianguka baharini, ni yeye peke yake wa kukurudia. Siku ya kwanza tupa dafrao majini, umwachie ageuze mashua na kuiokota bila msaada wako. Rudieni mpaka aone ni jambo la kawaida.

Njia: shukieni uwanja wa Preveza, mashua ichukueni kisiwa cha Lefkada. Marina iko kusini mwa daraja linaloelea, kwa hiyo hamna haja ya kungoja lifunguliwe, mnashuka na mfereji moja kwa moja hadi kisiwa cha Meganisi. Pale kijiji cha Spartochori migahawa ina gati zake, ukila chakula cha jioni hulipii kulala. Hapo ni pazuri kuanzia. Kisha Kioni kule kisiwa cha Ithaca, halafu Fiskardo, kijiji cha ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Kefalonia. Tetemeko la Agosti 1953 lilibomoa sehemu kubwa ya Kefalonia, lakini ncha ile ya kaskazini ilinusurika, ndiyo maana nyumba za kale bado zimesimama. Kila mtu anataka kulala pale, fikeni mapema. Vasiliki, ghuba ya kusini mwa Lefkada, upepo wa alasiri ni mkali, wenye mbao za matanga wanaupenda. Nyinyi ingieni kabla haujaamka au mpite.

Jambo moja litakufurahisha kama umekulia pwani kwetu, ambako bamvua huinua maji mita nne: kule maji hupanda na kushuka sentimita chache tu. Ukishafunga kamba vizuri, hakuna kuamka usiku kuhofia mashua kupwelea.

Kodi nyingi ni Jumamosi hadi Jumamosi, na mashua hutakiwa irudi Ijumaa jioni ikiwa na dizeli tele. Alhamisi laleni Meganisi, ili Ijumaa mfike kwenye pampu kabla ya foleni.