Tate ya St Ives ina kiingilio

Ukiuliza kama kuingia Tate ya St Ives, jumba la sanaa huko Uingereza, ni bure: hapana, si bure. Zile Tate mbili za London huingii kwa pesa kutazama mikusanyo ya kudumu, lakini ya St Ives, kule Cornwall, ina tiketi. Makumbusho ya mchongaji sanamu Barbara Hepworth, mjini humo humo, nayo ina kiingilio, ila kuna tiketi ya pamoja, chukua hiyo. Hepworth aliishi na kuchonga pale tangu 1949 hadi alipofariki kwa moto mwaka 1975, na sanamu nyingi za bustanini bado ziko palepale alipoziweka mwenyewe. Ukikosa muda wa yote mawili, nenda kwa Hepworth.

Kuhusu usafiri: gari usiingize mjini, vichochoro ni vyembamba na maegesho hujaa mapema. Liache kituo cha treni cha St Erth upande treni ndogo ya kwenda St Ives, kama dakika 15 tu, ukae upande wa kulia uone mlango wa mto na ufuo wa Carbis Bay. Toka London, safari ya kwenda na kurudi siku moja haifai: mpaka St Erth peke yake ni kama saa tano.

Ukitoka Tate, panda hadi makaburi ya Barnoon hapo juu. Kaburi la Alfred Wallis, yule mzee aliyekuwa mvuvi akachora mashua kwenye vipande vya kadibodi, limefunikwa vigae vya mfinyanzi Bernard Leach. Na chakula usile wazi bandarini: shakwe wanapora mkononi, hasa wakikujia kwa nyuma.