Re: Nesi narudi shule, maktaba ya hospitali itanisaidia nini?

Dada umeuliza kama maktaba ya hospitali ina msaada kwa mtu anayesoma digrii huku anapiga shifti za usiku, aisee upo mkubwa tu, wengi wanadhani pale ni vitabu vya kuazima basi. Mfuate mkutubi na swali la asaimenti hata kama halijakaa sawa, atakaa na wewe mlivunje kwa PICO yaani mgonjwa, tiba, unalinganisha na nini, matokeo gani. Mfano vidonda vya kulalia, inakuwa wazee waliolazwa, kugeuzwa kila saa 2 au kila saa 4, wapi vidonda vinapungua. Hapo ndo unaingia PubMed, ile tovuti ya kutafutia makala za utafiti wa afya, maneno ya maana moja unayaunga na OR, mada tofauti AND, idadi ya makala inashuka mpaka zinasomeka. Waombe pia wakufundishe Zotero, ni programu ya bure na inakupangia marejeo, mi naona hii ndo inaokoa usingizi kuliko zote. Kuandika hawakuandikii, ila kuchambua makala na kunukuu bila kukopi wengi wanafundisha. Weka miadi mapema, na uwapelekee ratiba ya shifti zako.