Ukitaka rashasha ya kihistoria Marekani, anza na namba

Watu wakinitumia picha ya rashasha wanayotaka kununua, karibu kila mara huwa ni picha ya aina moja: bunduki nzima imelazwa juu ya kitambaa, magazini pembeni, mwanga mzuri. Mimi huwaomba picha mbili nyingine. Moja ya namba iliyogongwa kwenye mwili wa bunduki, ipigwe kwa karibu mpaka mikwaruzo ya chuma ionekane. Ya pili ni ya fomu ambayo serikali ilimwidhinishia huyo mwenye nayo. Muuzaji akizileta zote mbili bila kuzungushana, mazungumzo yanaendelea. Akianza kusimulia jinsi babu yake alivyoipata Ujerumani, msikilizeni kwa heshima zote, ila pesa ibaki mfukoni.

Nimekuwa nikiandaa katalogi kwenye nyumba ya mnada huku Ohio, na kazi kubwa ya katalogi ni kukagua namba kwa tochi na kusoma karatasi za zamani. Haya nawaandikia Waswahili wenzangu mlioko Marekani wenye uraia au grini kadi. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, sheria ya hapa kwa kawaida inamkataza kumiliki hata bastola, kwa hiyo asijaribu. Mlioko Dar au Nairobi someni kama historia tu, maana huko raia haruhusiwi kabisa silaha ya namna hii. Na hata Marekani si kila jimbo: New York na Illinois, kwa mfano, mtu binafsi hapewi.

Kwanza tuelewane kwa nini vitu hivi ni ghali. Sheria ya 1934 iliweka usajili na kodi ya dola 200 kwa kila rashasha inapobadilisha mmiliki. Wakati ule hiyo ilikuwa karibu bei ya Thompson mpya, ile rashasha maarufu ya Kimarekani. Kodi hiyo haijapanda hata senti. Mwaka 2026 vifaa vingine vilivyo chini ya sheria hiyohiyo, kama vizuia sauti, vimeondolewa kodi kabisa, lakini rashasha imebaki palepale kwenye 200. Kilichopandisha bei ni sheria nyingine, iliyosainiwa na Rais Reagan tarehe 19 Mei 1986. Rashasha ambayo haikuwa imesajiliwa kihalali kufikia siku hiyo, raia hawezi kuipata tena. Idadi iligandishwa hapo, na wanunuzi wanaongezeka kila mwaka. Ndiyo maana Thompson ya kiwanda cha Colt iliyo katika hali nzuri leo inauzwa makumi ya maelfu ya dola.

Na pesa ya namna hiyo ikishaingia mahali, na waongo huingia.

Wanunuzi wengi huchanganya maswali matatu. Je, inaweza kuhamishwa kihalali kuja kwangu? Je, ni bunduki ileile iliyotoka kiwandani, au imeungwaungwa baadaye? Na je, hadithi inayoambatana nayo ni ya kweli? Bunduki inaweza kufaulu la kwanza ikaanguka mengine mawili. Inaweza pia kuwa halisi kabisa, yenye historia ya kutoa machozi, na bado ikawa haramu kuigusa.

Hilo la mwisho ndilo linalowaumiza watu, basi nilimalize mapema. Askari wengi wa Marekani walirudi na nyara kutoka vitani, na baadhi wana karatasi iliyosainiwa na afisa wao kwamba wameruhusiwa kubaki na kitu fulani. Karatasi hiyo ni ushahidi mzuri wa historia, lakini haina nguvu yoyote ya usajili. Serikali ilifungua mlango wa msamaha mwaka 1968, kuanzia tarehe 2 Novemba mpaka 1 Desemba. Aliyesajili katika siku hizo hakuulizwa kitu. Mlango ukafungwa, na haujafunguliwa tena. Kwa hiyo mjane akikuonyesha MP40, rashasha ya Kijerumani, ya marehemu iliyokaa darini tangu 1945, na hakuna usajili, usiinunue, usiibebe, usiiweke kwenye gari lako umpelekee mtaalamu. Mwambie atafute wakili kwanza. Adhabu inafika miaka 10 jela. Bunduki za namna hiyo mara nyingine huokolewa kwa kupelekwa kwenye taasisi ya serikali, lakini hiyo ni njia ya wakili, si ya mnunuzi.

Kwa upande mwingine, ukikuta familia imetunza Fomu 4467, ile iliyojazwa wakati wa msamaha wa 1968, shikilia kiti. Hiyo ni karatasi inayoonyesha kwamba bunduki hii, kwa namba hii, ilikuwa mikononi mwa mtu huyu kabla hata soko halijawa na faida ya kudanganya. Mimi naiamini kuliko barua yoyote iliyoandikwa juzi na mtoto wa marehemu kwa ajili ya mnada.

Ila isome kwa makini. Waliojaza fomu zile walikuwa maaskari wastaafu na wake zao, si mafundi. Nimeona fomu ambapo sehemu ya mtengenezaji imeandikwa “Ujerumani” tu, na nyingine ambapo mwaka wa kutengenezwa umenakiliwa kana kwamba ndiyo namba ya bunduki. Linganisha kila neno la fomu na kila alama ya chuma: namba, modeli, ukubwa wa risasi, urefu wa mtutu. Pakitofautiana, muuzaji ndiye aandikie kitengo cha ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha, kilichoko Martinsburg, West Virginia, arekebishe kabla pesa yako haijatoka. Wewe huwezi kupiga simu ukauliza habari za bunduki ya mtu mwingine. Kumbukumbu hizo zinalindwa kama siri za kodi. Zaidi ya hapo, kumbukumbu zenyewe zimewahi kukutwa na makosa, na mwaka 2007 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria alitoa ripoti juu yake. Karatasi iliyoko mkononi mwa mmiliki ina thamani kuliko mnavyodhani.

Angalia pia kama kuna vizuizi. Rashasha zilizoingizwa kutoka nje baada ya 1968 ni za wafanyabiashara wenye leseni tu, na zile ambazo polisi walisajili kwa Fomu 10 haziwezi kurudi kwa raia. Kuna wauzaji wanaozitaja kwa bei ya kuvutia bila kusema hilo. Bei ikiwa nusu ya soko, sababu imeandikwa mahali kwenye fomu.

Sasa twende kwenye chuma chenyewe, sehemu ninayoipenda.

Thompson ndiyo darasa zuri la kuanzia. Colt ya Hartford ilitengeneza 15,000 tu, mwaka 1921 na 1922, namba zikianzia 41 na kuishia 15040. Namba hiyo iko mahali pawili, kwenye mwili wa juu na kwenye fremu ya chini yenye kifyatulio, na zinatakiwa zifanane. Zilizorekebishwa baadaye kuwa modeli ya jeshi la majini ziligongwa tarakimu 8 juu ya 1 ya mwisho ili 1921 isomeke 1928. Kwenye bunduki halisi ile 1 bado inachungulia chini ya 8. Nikikuta 8 safi isiyo na mtu chini yake, naanza kuuliza maswali. Zile za vita kuu ya pili ni nyingi sana, zaidi ya milioni moja, na hapa watu hudanganyika kwa anwani: nyingi zilizotengenezwa na kiwanda cha Savage kule Utica zimeandikwa Auto-Ordnance, Bridgeport, yaani kampuni yenye haki za Thompson. Kinachozitenganisha ni herufi mbele ya namba, S kwa Savage na AO kwa Bridgeport yenyewe. Halafu kuna za West Hurley, New York, zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1970 kwa ajili ya raia. Namba zao za modeli ya 1928 huishia na herufi A. Ni halali na zinahamishika, lakini hazijawahi kuona vita, na mwenye kukuuzia kwa bei ya Colt anakuibia mchana kweupe.

Rangi ya chuma nayo inasema. Colt zilitoka kiwandani na weusi wa bluu unaong'aa. Jeshi likizikarabati lilizivisha kijivu kisichong'aa. Bunduki ya miaka 100 inayong'aa kama jana, huku kingo za maandishi zimelainika, imesuguliwa na kupakwa upya. Hapo thamani ya mkusanyaji imeshuka sana, hata kama macho yanafurahi.

MP40 ina mtego wake. Mwili wake ni bomba, na kabla ya 1986 mafundi wa Marekani walitengeneza mabomba mapya, wakayasajili, wakayavisha vipuri halisi vya Kijerumani. Bunduki ya namna hiyo inafanya kazi vizuri tu. Ila ukigeuza utakuta jina la kampuni ya Marekani na mji wake, maana sheria ilimtaka mtengenezaji aandike. Hiyo si ya mwaka 1942, haiingii kwenye kundi la vitu vya kale ambalo mwenye leseni ya mkusanyaji anaweza kupokea moja kwa moja kutoka jimbo jingine, na bei yake ni sehemu tu ya ile ya asili. Bomba la asili lina msimbo wa kiwanda na mwaka: ayf ni Erma, bnz ni Steyr, fxo ni Haenel. Tarakimu za namba hurudiwa kwenye vipuri vingi, kwa hiyo kagua kipuri kwa kipuri, na uangalie kama maumbo ya tarakimu ni ya mkono mmoja. Muuzaji akiiita Schmeisser simkatizi tena. Hugo Schmeisser aliendesha kiwanda cha Haenel na jina lake liko kwenye magazini, lakini bunduki hakuibuni yeye.

Kisha hadithi. Mfano bora wa hadithi iliyothibitishwa ni Thompson mbili zilizoko kwa sherifu wa Kaunti ya Berrien, Michigan. Zilikutwa Desemba 1929 katika nyumba ya jambazi Fred Burke, na mtaalamu Calvin Goddard alilinganisha risasi zake na zile zilizowaua watu 7 Chicago tarehe 14 Februari mwaka huohuo. Tangu siku ile ziliingia mkononi mwa polisi zikabaki mkononi mwa polisi. Nyingine zote zinazosemwa “ya Capone”, yule jambazi wa Chicago, nataka nione karatasi ya wakati ule yenye namba ya bunduki. Picha ya jambazi ameshika Thompson haisaidii, Thompson zinafanana.

Kuna hadithi moja inayotuhusu zaidi, na huwa naifurahia. Mara nyingine hutokea bombom la Kijerumani, MG 08, likidaiwa kwamba lilitekwa kwa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita kuu ya kwanza, kwetu Tanganyika. Soma kwanza mwaka uliogongwa. Mwingereza alifunga bahari. Meli mbili tu za msaada zilipenya, Rubens kwenye ghuba ya Manza karibu na Tanga mwaka 1915, na Marie pale Sudi mwaka 1916. Meli ya anga (zeppelin) L59 ilijaribu Novemba 1917 ikageuzia Sudan. Kwa hiyo MG 08 iliyogongwa 1917 au 1918 haikufika kwetu, hata muuzaji aape. Na Lettow alipokabidhi silaha Abercorn (sasa Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, kati ya bunduki za mashine 37 alizotoa, za Kijerumani zilikuwa 7. Zilizobaki 30 zilikuwa za Kiingereza, alizoteka yeye, kazi aliyoianzia Tanga 1914 alipochukua 16. Hivyo anayetaka kumbukumbu ya vita ile ana nafasi kubwa zaidi ya kuipata kwenye bunduki ya mashine ya Kiingereza kuliko kwenye MG 08, ila wauzaji hawalijui hilo kwa sababu ya Kiingereza hainogeshi hadithi.

Mkishakubaliana bei, muuzaji akiwa jimbo jingine na bunduki haimo kwenye kundi la vitu vya kale, au wewe huna leseni ya mkusanyaji, itahamia kwanza kwa muuzaji mwenye leseni wa jimbo lako, kisha Fomu 4, ile ya kuhamisha umiliki, ije kwako. Muda wote huo haitoki dukani. Nendeni muikague tena huko, mpige picha kila alama, mkiwa na fomu mezani. Na kwenye mkataba andikeni wazi mambo mawili: fomu ikikataliwa pesa inarudi yote, na bunduki ikionekana imechomelewa au imepakwa upya kinyume na maelezo, mnunuzi ana haki ya kuirudisha hata kama ameshaidhinishiwa, kwa gharama ya muuzaji, pamoja na dola 200 za kodi. Muuzaji mkweli husaini bila kubishana. Mwingine atakuambia hajawahi kuombwa kifungu kama hicho.