Jibu: Bears na kocha wa mashambulizi
Habari kaka. Umeuliza kwa nini Chicago Bears, timu ya futiboli ya Marekani, walimfukuza Shane Waldron, kocha wa mashambulizi, Novemba 2024 na bado wakaendelea kufungwa. Mimi huanza na ukuta, yaani wachezaji watano wa mbele wanaomlinda kwotabaki, yule anayerusha mpira. Msimu ule kwotabaki wao, Caleb Williams, aliangushwa mara 68 akiwa bado ameshika mpira! Rudia mechi moja, usifuate mpira, watazame wale watano wa mbele tu. Utaona anavyofikiwa kabla hajainua mkono.

Halafu uliza nani anachagua mashambulizi. Ben Johnson, kocha mkuu tangu Januari 2025, aliishika kazi hiyo mwenyewe, cheo cha kocha wa mashambulizi akapewa Declan Doyle. Machi 2025 wakamleta mchezaji Joe Thuney kwenye ukuta, na hapo ndipo nilipopata matumaini.