Maswali na majibu: Ukipewa kadi ya jengo refu

Barua nyingi nilizopokea safari hii zinahusu kadi moja ya mtihani wa kuzungumza wa IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ile ya sehemu ya pili inayokutaka ueleze jengo refu unalolipenda au usilolipenda: lipo wapi, linatumika kwa kazi gani, lina sura gani, na kwa nini linakuvutia au linakukera. Muundo wa mtihani wenyewe siurudii. Anayeniuliza hadi leo kama una sehemu tatu akasome kwanza maelezo ya mtihani alioulipia.

Sijawahi kuingia jengo la ghorofa nyingi. Nizungumzie Burj Khalifa?

Kama unalijua kwa picha tu, liache. Nimewasikiliza wanafunzi wengi wanaolikimbilia, na mwendo wao ni ule ule: lipo Dubai, lina mita 828, ghorofa 163, lilifunguliwa 2010, ni zuri sana. Sekunde 30 hazijaisha, maneno yameisha. Namba hukaa peke yake, haikuvuti kwenye sentensi inayofuata.

Mwanafunzi wangu mmoja alichagua jengo la ghorofa sita alilokuwa akifanyia kazi zamani. Akaniambia kuwa kwenye lifti yake kitufe cha ghorofa ya nne kilikuwa kimefutika namba kwa kubonyezwa, kwa sababu daktari wa meno alikuwa ghorofa hiyo, na mgeni alilazimika kuhesabu vitufe kutoka chini. Akaeleza watu wanavyoinua macho kutazama namba zikipanda badala ya kutazamana, na mlinzi wa mlangoni aliyekariri nani anashuka ghorofa ya ngapi. Hebu tazama Kiingereza kilichomlazimu hapo: "used to work", "had worn off", "whenever the doors opened". Hakuna aliyempa sarufi hiyo, kitufe ndicho kilichomdai. Dakika mbili zilipotimia ilibidi nimkatishe.

Mtahini hakuja na futi. Jengo la ghorofa sita lililozungukwa na nyumba za chini ni refu, na ukisema hivyo umemjibu. Anachopima ni ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi, kila kimoja robo ya alama. Usanifu wa majengo haumo.

Mwalimu, naomba kujua tofauti ya "tall" na "high".

Hili nimelijibu mara nyingi kuliko swali lingine lolote, na linarudi kwa sababu watu wanataka kanuni ya mstari mmoja, ilhali mzizi wake umo katika lugha yetu. Sisi tuna -refu, na inatutosha: mtu mrefu, barabara ndefu, kisima kirefu, hotuba ndefu, jengo refu. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo. Mtu, mti na jengo ni "tall". Barabara na hotuba ni "long". Kisima ni "deep". "High" hukaa zaidi na mlima, ukuta, dari, au kitu kilicho juu kutoka ardhini, kama dirisha. Ukisema "a high building" utaeleweka, ingawa sikio la mwenye lugha linangoja "tall". Lakini ukisema "a long building" umemjengea mtahini ghala au bweni lililolala chini, kisha unampandisha kwa lifti hadi juu ya paa, na picha nzima inavurugika kichwani mwake.

Nomino nayo ina mtego wake. Urefu wa jengo ni "height", si "length" wala "tallness". Linaandikwa karibu sawa na "weight" lakini linatamkwa hait, kwa sauti ya "light". Na sema "it is 300 metres tall". Ukisema "it has 300 metres" umetafsiri "lina mita 300" neno kwa neno.

Tukiwa hapo hapo, "ghorofa" kwetu ni jengo zima na pia ni daraja moja la jengo hilo. Kwao ni maneno mbalimbali: "a ten-storey building", bila s kwenye "storey", halafu "on the tenth floor", kwa "on" na si "in". Neno letu "ghorofani" halikufundishi kuchagua kati ya hizo mbili, kwa hiyo lazima uzoeze ulimi. Chukua jengo moja unalolipita kila siku, litungie sentensi tatu za namna hii, uziseme kwa sauti kila unapolipita. Ukifanya hivyo wiki mbili hutaniuliza tena.

Nikikosea mwaka lililojengwa, nitapunguziwa alama?

Hapana, ukweli wa habari hausahihishwi. Lakini kwa nini utaje mwaka usioujua? "It must have been built before I was born" ni kweli tupu, na sarufi yake inakupandisha kuliko mwaka wowote.

Kuna mtu anauza majibu ya kadi zote, likiwemo la jengo refu. Ninunue?

Usinunue, na kama umeshanunua usiyakariri.

Watahini wamefundishwa kuyatambua majibu ya kukariri, na si kazi ngumu. Mtu alikuwa akizungumza kwa kusita kidogo kama binadamu yeyote. Kadi inafika, ghafla anakwenda kasi bila kuvuta pumzi, macho yametua ukutani, na yanamtoka "iconic", "breathtaking", "an architectural marvel", "concrete jungle", yote ndani ya sentensi mbili. Anapomaliza, mtahini anamuuliza swali dogo tu: je, unakwenda huko mara nyingi? Hapo Kiingereza kinaporomoka ghorofa kumi kwa mpigo. Pengo hilo ndilo linalomuumiza, kwa sababu linamwonyesha mtahini kipi ni chake na kipi cha kuazima.

Naliandika hili kwa uchungu. Nilikuwa na mwanafunzi mwenye Kiingereza chake kizuri, cha taratibu, kinachoeleweka. Akanunua karatasi hizo, akazikariri mwezi mzima, na alipokuja kufanya mazoezi nami sauti yake mwenyewe ilikuwa imepotea. Nilimuuliza jengo hilo lina rangi gani. Hakujua, karatasi haikuandika.

Na anayekuahidi kwamba anajua kadi utakayopewa anakudanganya. Hata wewe utaijua pale utakapowekewa mezani. Jirekodi kwenye simu ukieleza jengo lolote, usikilize, urudie. Hilo halina malipo. Kama lazima ukariri, kariri maneno na si aya: "rooftop", "entrance", "balcony", "scaffolding", "skyline", "overlook", "stand out". "Skyscraper" liweke kwa majengo yanayolistahili. La ghorofa sita hapana.

Katika mazoezi ya sehemu ya tatu niliulizwa kwa nini miji hujenga kwenda juu. Nikakwama kabisa. Ningesema nini?

Ulikwama kwa sababu hukuwa na la kusema hata kwa Kiswahili, na hilo halitibiwi na msamiati. Basi tuongeze ya kusema.

Sababu ya kwanza ni ardhi: katikati ya mji kiwanja ni kidogo na kila mtu anakitaka, kwa hiyo mwenye nacho anarudia eneo lile lile ghorofa baada ya ghorofa. Lakini hamu peke yake isingetosha. Zamani ghorofa za juu zilikuwa adhabu ya ngazi. Mwaka 1854, huko New York, Elisha Otis, mbunifu wa breki ya lifti, alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa mbele ya watu, akaamuru kamba ikatwe, na breki yake ikalishika jukwaa lisianguke. Tangu watu walipoiamini lifti, juu pakawa ndipo panapogombewa. Halafu Chicago, mwaka 1885, likakamilika Home Insurance Building la ghorofa 10, ambalo uzito wake mwingi ulibebwa na mifupa ya chuma badala ya kuta nene.

Ipo pia fahari. Wajenzi wa Chrysler Building ya New York waliuficha mnara wake wa chuma ndani ya jengo, kisha mwaka 1929 wakauchomoza juu ili kumpita mshindani wao. Jengo likafika mita 319, na mwaka 1931 Empire State Building ikaupokonya ushindi huo. Ukitaka upande wa madhara, kumbuka jengo la vioo la London ambalo mwaka 2013 ukuta wake uliobonyea ulikusanya mwanga wa jua hadi ukayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa barabarani.

Sasa usiyamwage yote. Toa sababu moja, mfano mmoja, kisha geukia upande wa pili kwa sentensi moja na useme msimamo wako. Msimamo wangu, kwa kuwa wengi mmeniuliza, ni kwamba jengo refu lisilompa kitu mpita njia isipokuwa kivuli na upepo ni jengo baya hata lingekuwa la kwanza duniani. Unaweza kunipinga. Mtahini naye yuko tayari kupingwa, anachohitaji ni kuziona sababu zako. Na ukiwa sehemu ya tatu usirudi kwenye jengo lako la sehemu ya pili. Hapo anauliza kuhusu watu na miji kwa jumla, na kila mara nawaona wanafunzi wakijibu "my building" tena.

"Lift" au "elevator"?

Yoyote, ila usichanganye ghorofa. Kwa Waingereza "first floor" ni ile inayofuata juu ya "ground floor". Kwa Wamarekani "first floor" ndiyo ya chini kabisa. Chagua mmoja, ubaki naye hadi mwisho.

Lafudhi yangu nzito itaniangusha?

Lafudhi haiondoi alama, kutoeleweka ndiko kunakoondoa. Maneno yetu yanaishia kwa irabu, basi ulimi unapenda kumalizia hivyo hivyo na kwa Kiingereza: "buildingi", "roofu". Neno "lifti" tulilikopa tukaliongezea i yetu. Ukiingia chumba cha mtihani, i hiyo iache mlangoni.

Katika ile dakika moja ya kujiandaa, naweza kuchora jengo badala ya kuandika?

Unaweza, na kwa kadi hii mimi nakushauri ufanye hivyo. Karatasi na penseli unapewa kwa ajili ya maandalizi yako, na hakuna anayeisahihisha. Chora mstatili mmoja. Chini weka mlango, na kando yake neno la unachokiona ukifika pale. Katikati weka dirisha moja na neno la kazi inayofanyika ndani. Juu weka paa na neno la unavyojisikia ukilitazama. Kisha anza mlangoni, ueleze ukipanda.