Skill ni kupambanua: niliyojifunza kwenye cherehani

Kwa miaka mingi nililijua neno la Kiingereza skill kuwa ni ujuzi, basi. Nilipokuja kusoma asili yake ndipo nilipoelewa kwa nini fundi aliyenifunza hakuniruhusu kushika mkasi wiki za mwanzo.

Neno hilo si la Waingereza. Lililetwa na watu wa Skandinavia waliovamia Uingereza kuanzia karne ya 8, kisha wakalowea huko. Kwao skil ilikuwa kupambanua, kujua hiki si kile. Hata leo Mnorwe akitenganisha vitu husema skille. Uhodari wa mikono ni maana iliyofuata baadaye.

Sauti ya sk ndiyo inayolitambulisha. Kiingereza cha kale kiligeuza sk kuwa sh. Waskandinavia waliiacha ilivyo. Ndiyo maana shirt na skirt ni ndugu wa tumbo moja. Nasi tumeyachukua yote mawili, shati na sketi, na kibandani kwangu yananing'inia kwenye kamba moja.

Fundi alinipa kapu la mabaki ya vitambaa. "Chambua, mwanangu. Pamba huku, poliesta huku." Ukibabaika, chomoa uzi uuchome kwa kiberiti: wa pamba huungua kama karatasi ukaacha majivu laini, wa poliesta huyeyuka ukaacha kitone kigumu. Niliona ananichelewesha. Siku moja nikapitisha pasi ya moto kwenye gauni la mteja nikidhani ni pamba. Liling'ang'ania pasi, likatoboka kifuani. Kitambaa nililipa, lakini uso wa yule mama sijausahau.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi yoyote, usimuulize mwalimu "inafanywaje" tu. Muulize, "Nitajuaje kama imeharibika?" Omba akuwekee mshono uliotulia na uliovuta kando kwa kando, uipapase mpaka vidole vyenyewe vikuambie. Video za simuni husaidia, ila kidole hakipapasi kioo kikajua kitambaa.

Mwanagenzi niliye naye sasa anachambua kapu lile lile. Juzi alinijia na uzi aliouchoma. "Fundi, huu umeacha majivu na kitone pia. Si wa huku wala si wa huku, ni mchanganyiko."

Nikampa mkasi.